Tabo Dodoma: uiache stoki, uityuni kidogo, au ujenge ya mashindano kabisa?

Ukishakuwa na gari ya tabo (ile pampu inayozungushwa na moshi wa injini na kuisukumia injini hewa zaidi) hapa Dodoma, iwe Impreza WRX, STI, Forester ya tabo, Lancer Evo au ile Mark II yenye injini ya 1JZ-GTE, haipiti wiki hujaulizwa "umeifanyia nini?", na hapo ndo watu wengi wanaanza kuyumba. Mmoja anakwambia iache stoki, yaani ilivyotoka kiwandani, usiguse kitu, mwingine anakwambia kama huityuni bora ungenunua IST, wa tatu yeye tayari anawaza keji (fremu ya mabomba ya chuma ndani ya gari) na namba za mashindano ubavuni. Wote watatu wanaweza kuwa sawa, inategemea unaitumiaje, una fundi gani na kipato chako kinaingiaje. Nazilinganisha hizo njia tatu kwa vigezo vilevile, mifano mingi itakuwa ya Subaru maana ndo ninazozijua zaidi, ila mengi yanaingia kwa Evo na 1JZ bila shida.

Tutapima kwa vigezo gani

Cha kwanza hela, na sisemi hela ya kununua spea za nguvu, nasema hela ya kuiweka barabarani mwaka mzima baada ya hizo spea kufungwa. Watu wengi wanapiga hesabu ya kufunga tu, ya kuishi nayo hawaigusi.

Cha pili ni Dodoma yenyewe. Mji upo kwenye mwinuko wa kama mita 1,120, presha ya hewa huku ni ndogo kuliko ya Dar kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo tabo ili ikupe hewa ileile inabidi izunguke kwa kasi zaidi, na ikizunguka zaidi hewa inatoka ya moto zaidi. Hapo ongeza kiangazi, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja mvua hamna, upepo unapiga, vumbi linaingia mpaka kabatini, alafu Oktoba na Novemba joto linafika 30 na ushee, na hiyo ndo miezi ambayo gari za tabo zilizotengenezwa kwa kubahatisha zinaumbuka.

Cha tatu mafuta ya kituoni. Gari hizi kule Japani zinanyweshwa petroli ya daraja la juu, kiwango chao cha JIS kinataka oktani 96 kwenda juu, na nyingi zilipangiwa kompyuta kwa mafuta hayo. Cha nne ni maisha ya kila siku: matuta, rasta, foleni ya asubuhi kwenda Mtumba, watoto siti ya nyuma, trafiki na tochi yake. Cha tano ni siku ya kukimbia kihalali. Hatuna sakiti ya lami ya daraja la FIA (shirikisho la magari la dunia) Tanzania, michezo ya magari kwetu kwa sehemu kubwa ni rali za vumbi chini ya AAT, chama cha magari Tanzania, kwa hiyo mtu wa Dodoma akisema anaenda kukimbia maana yake mara nyingi ni Iringa, Morogoro, Tanga au Arusha, au eneo lililofungwa kwa kibali. Ile barabara ya mzunguko wa nje, zile kilomita 112, sio sakiti jamani, kuna ng'ombe, kuna bodaboda wasio na taa, na haikuwekwa pale kwa ajili yako.

Cha sita, ambacho mimi nakipa uzito kuliko vyote, ni fundi na spea. Dar ni kama kilomita 450 kutoka hapa. Kila kitu unachofunga jiulize, kikizingua Jumatatu asubuhi nani Dodoma atakigusa?

Kabla hujachagua chochote

Hili halina njia ya kwanza wala ya tatu, ni la wote. Pima kompresheni silinda zote nne (au sita kwa 1JZ), na usishtuke namba zikiwa chini ya za kwenye kitabu cha gari, kwa mwinuko huu zote zinashuka kama sehemu moja ya kumi, wewe unachotafuta ni zifanane. Silinda moja ikiachana sana na wenzake, ile hela ya tyuni ishapata kazi nyingine.

Alafu chomoa lile bomba la mpira linalotoka kwenye ea klina kwenda kwenye tabo, pitisha kitambaa cheupe ndani, upande wa tabo. Kikitoka safi, filta inafanya kazi. Kikitoka na wekundu, basi vumbi la Nzuguni linapita kwenye mapanga ya tabo kila siku na kuingia kwenye silinda, na hakuna tyuni duniani itakayokusaidia. Ukiwa hapohapo shika shafti ya tabo kwa vidole, ikicheza kidogo sana upande kwa upande ni kawaida, ikicheza kwenda mbele na nyuma au mapanga yakigusa kuta, hiyo imekwisha.

Kwenye Subaru zenye injini za EJ na AVCS (mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka) kuna bolti ya bomba la oili nyuma ya hedi ya kulia, ndani yake kuna kichujio kidogo cha wavu, kidogo kiasi kwamba fundi asiyekijua hawezi kukitafuta. Kikiziba kwa masizi ya oili, tabo inanyimwa oili na inakufa, unanunua nyingine, nayo inakufa, unasema umeuziwa feki. Kifungue, kisafishe au badilisha bolti. Na taimingi belti ya EJ ikikatika valvu zinakutana na pistoni, kwa hiyo gari ya mtumba ambayo kilomita zake unaziamini kwa neno la muuzaji tu, badili belti, tensha, puli na wota pampu kwa mpigo mmoja ndo uanze kuhesabu upya, kilomita 100,000 mbele.

Jambo la mwisho hapa ni maji. Maji ya Dodoma yana chumvi, angalia birika la chai nyumbani lilivyofanya utando mweupe, sasa huo utando ndo unajengeka ndani ya rejeta ukiwa unaongezea maji ya bomba. Weka kulanti sahihi iliyochanganywa na maji yaliyotolewa madini, na mfuniko wa rejeta uwe mzima, maana kwa mwinuko wetu maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi na ni ile presha ya mfuniko inayoyazuia.

Njia ya kwanza: iache stoki, itunze kama yai

*Hela.* Ndo njia pekee ambayo unaweza kukaa ukapiga hesabu ya mwaka ikakaribia ukweli. Oili sintetiki ya 5W-30 au 5W-40 kila kilomita 5,000, mimi kiangazi nashauri mapema zaidi ya hapo, filta ya oili ya maana, plagi za iridiamu, oili ya giaboksi na difu. Oili inunue sehemu inayojulikana, madumu yanayojazwa upya yapo na tabo ni ya kwanza kuyagundua. Petroli bei anapanga EWURA kila mwezi na huku bara tunalipa zaidi ya Dar kwa sababu ya usafiri, gari ya EJ20 mjini ukipata kilomita 7 au 8 kwa lita shukuru. Ni ghali ukilinganisha na IST, ila ni ughali unaojulikana.

*Joto na vumbi.* Hapa stoki inashinda bila kelele. Ea klina ya karatasi ya kiwandani inazuia vumbi vizuri kuliko zile filta za koni za kupaka oili ambazo watu wanazifunga wazi ndani ya boneti zinyonye hewa ya moto, na karatasi ikichafuka unatupa, unaweka nyingine. Udhaifu wake kwa Subaru ni intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, inayokaa juu ya injini: kwenye foleni au kwenye mataa inapashwa na injini iliyo chini yake, ukikanyaga unakuta gari nzito, mpaka hewa ianze kupita kwenye tundu la boneti. Barabara ya Singida hilo tatizo hulisikii.

*Mafuta.* Kompyuta ya kiwandani ina sensa ya kusikiliza mlipuko wa kabla ya wakati, ikiusikia inarudisha nyuma moto wa plagi na unapoteza nguvu kidogo. Unaweza usijue hata kama imetokea. Ndo maana stoki inavumilia mafuta yetu, lakini nunua kituo kinachouza sana, mafuta ya kwenye dumu la pembeni mwa barabara achana nayo.

*Kila siku.* Inapita matuta ya Area C bila kukwangua, haimwamshi jirani, trafiki hana cha kusema nayo. Hiyo tu kwa mtu mwenye familia ni nusu ya uamuzi.

*Siku ya kukimbia.* Watu wanaidharau stoki bure. Badilisha pedi ziwe za kiwango cha juu, mwaga ile oili ya breki ya zamani uweke DOT 4 mpya (ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, ikishanyonya unyevu kiwango kinashuka mpaka 155, na huo ndo mguu wako unapozama sakafuni), weka tairi nzuri, basi una gari ya kufurahia siku nzima ya otokrosi (mbio fupi za kupimana muda kwenye eneo lililofungwa) kama AAT au klabu imefungua darasa la gari za kawaida. Na tairi soma tarehe ubavuni, namba nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba yenye kashata nzuri lakini ya zamani imekauka, inateleza kwenye lami ya moto na haikupi taarifa.

*Fundi na spea.* Fundi yeyote anayejua Subaru mjini anaimudu, spea za kawaida zipo, zisizokuwepo zinapakiwa Dar usiku kwenye basi asubuhi unazo.

*Inamfaa* mwenye gari moja tu, anayesafiri mara kwa mara, au aliyenunua karibuni na bado haijui gari yake vizuri. Haimfai mtu ambaye moyoni ameshaamua, maana huyo atakaa nayo miezi mitatu alafu ataanza kufunga kitu kimoja kimoja bila mpango, ambayo ndo njia mbaya kuliko zote na sijaiweka hapa.

Njia ya pili: tyuni ya wastani, ya mtaani na ya kuchezea siku mojamoja

Hapa nazungumzia steji wani, yaani kompyuta kupangwa upya na tabo ileile, au steji tu, yaani ya pili, ambapo daunipaipu (bomba la moshi linalotoka kwenye tabo) inabadilishwa na kompyuta inapangwa kufuatana na hiyo daunipaipu.

*Hela.* Steji wani yenyewe sio ghali sana ukilinganisha na inachokupa, asilimia 10 hadi 15 ya nguvu ni matarajio ya kawaida, na mvuto wa katikati ndo unaousikia zaidi. Ghali ni inachokianika. Klachi iliyokuwa inajikongoja inaanza kuteleza, koili ya plagi iliyokuwa na ufa inaanza kukata moto, na WRX yenye giaboksi ya gia 5 inajulikana dunia nzima kwa meno kuvunjika ukiizindua kwa fujo, wakati STI ya gia 6 inakaa. STI A-Line ya automatiki yenyewe ina EJ25, nazo pistoni zake zinasifika kwa kupasuka kingo za ringi tyuni ikiwa kali au mafuta mabaya, kwa hiyo kwa hiyo gari mimi ningekuwa mpole sana.

Mpangilio wa matumizi ndo watu wanapokosea. Wanaanza na bomba la moshi na ile valvu ya kupumulia inayopiga psshh kwa sababu vinasikika. Sasa Subaru hizi zinapima hewa mlangoni, kompyuta imeshajua imeingia hewa kiasi gani na imeshamwaga petroli ya kiasi hicho, wewe ukiitoa hewa nje kila ukibadili gia ile petroli inabaki haina mwenza, moshi mweusi, plagi nyeusi, gari inastuka. Hiyo hela ingenunua geji ya presha ya oili, geji ya joto la oili na geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli. Hivyo vitatu kwanza, kisha pampu ya mafuta yenye uwezo, kisha ndo tyuni. Bomba la kelele mwisho kama bado unalitaka.

*Joto na vumbi.* Tyuni iliyopangwa Dar usawa wa bahari ikija hapa inaikuta hewa nyepesi, kompyuta inailazimisha tabo ifikie presha ileile, tabo inapitiliza kasi yake na hewa inakuwa ya moto. Mwambie anayetyuni kabisa kwamba gari inaishi mita 1,120, aache nafasi, na rekodi za mwisho zichukuliwe hukuhuku mchana wa joto, sio saa kumi na mbili asubuhi. Kuhusu intakula ya mbele, ndio inapoza vizuri zaidi, ila inaziba upepo wa rejeta kiasi, ina mabomba marefu na maungio mengi, kila ungio ni sehemu ya kuvuja na kila uvujaji unaifanya tabo ifanye kazi ya bure. Kwa steji wani wala huihitaji. Kama unasafiri sana kwenye vumbi nyuma ya malori ya Kondoa, kaa na ile ya juu, isafishe mapezi yake.

*Mafuta.* Ule uvumilivu wa stoki hapa umeutumia, umeugeuza kuwa nguvu. Kwa hiyo ityuniwe kwa petroli ya kituo unachojaza kila wiki, sio kwa mafuta ya mbio ya kwenye pipa, na E85 (petroli iliyochanganywa na ethanoli nyingi) kwenye pampu zetu hamna kwa hiyo tyuni ya E85 uliyoiona mtandaoni ipotezee. Kwenye busti kamili, yaani presha ya tabo ikiwa juu kabisa, mchanganyiko uwe kwenye 11 na kidogo (sehemu za hewa kwa moja ya petroli), ukiona geji inapanda kuelekea 12 na nusu ukiwa umekanyaga, achia mguu. Ukisikia mlio kama kokoto ndani ya kopo wakati gari inavuta mlima, achia haraka zaidi, hapo pistoni inapigwa. Kuna jamaa Ipagala alifunga kile kifaa cha mkono cha kuongeza busti kwenye Forester, kompyuta hakuigusa, gari ikawa inaruka kweli kweli, kila mtu akasifia, kisha safari moja ya Morogoro ikarudi kwenye lori ikiwa na pistoni yenye tundu. Kile kifaa chenyewe hakikuwa kibovu, kompyuta ndo haikujua kwamba hewa imeongezeka kwa kiwango kile.

*Kila siku.* Inaishi mtaani vizuri kama hukuishusha. Ukiishusha sana utakuwa unayapita matuta kwa pembe kama unapaki, na bushi zitakudai. Klachi ngumu kwenye foleni ya Mtumba ni mazoezi ya mguu. Na nguvu ikiongezeka, kikomo cha 50 kwenye makazi hakijaongezeka, Kibaigwa na Gairo tochi ipo palepale.

*Siku ya kukimbia.* Hapa inanoga. Ila elewa kwamba injini inayovumilia kukanyagwa sekunde 10 barabarani sio lazima ivumilie dakika 10 mfululizo. Angalia joto la oili, likipita nyuzi 130 poza, zungusha taratibu. Kula ya oili ya kuaminika, yaani kipoza oili, ni hela nzuri kuliko tabo kubwa. Jaza oili mpaka alama ya juu, maana kwenye kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja na EJ inajulikana kwa bomba la kunyonyea oili lililopo kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) kupasuka, likinyonya hewa beringi za konrodi zinaondoka na injini inanoki. Ukimaliza raundi usizime palepale, iache iungurume taratibu bila kukanyaga dakika moja mbili. Kesho yake mwaga oili, hata kama ina kilomita 1,000 tu.

*Fundi na spea.* Kufunga vitu Dodoma kunafungika, kutyuni ndo shughuli. Wengi wanapeleka Dar, au wanafanya ya mbali, yaani unarekodi gari ikienda, unamtumia mtyunaji faili, anakurudishia, mnaenda hivyo mara kadhaa mpaka ikae. Inafanya kazi kama una laptopu, waya na uvumilivu, na kama una mtu wa kukaa pembeni anayeangalia namba wakati wewe unaangalia barabara. Tangu SGR ianze 2024 kwenda Dar na kurudi na spea siku hiyohiyo imekuwa rahisi, unashuka unaenda Ilala unachagua kwa macho yako. Faili la zamani la kompyuta lidai na lihifadhi. Ukihama fundi utalihitaji.

*Inamfaa* mwenye gari ya pili nyumbani hata kama ni kigari kidogo, mwenye subira ya kusoma geji, na mwenye akiba ya klachi kabla klachi haijaisha.

Njia ya tatu: ya mashindano kabisa

*Hela.* Hii haina mwisho, nasema bila kutisha mtu. Pistoni na konrodi za kufuliwa, beringi mpya, krenki kupimwa, sampu yenye vizuizi vya oili, rejeta nene, shokapu za rali, vilinda tumbo la gari, rimu za ziada, giaboksi ya akiba. Hapo hujalipa ada, bima ya tukio, mafuta, malazi ya timu, na lori la kuibebea gari, kwa sababu gari ya mashindano haiendeshwi kwenda kwenye mashindano, maana kuna uwezekano mkubwa haitarudi kwa miguu yake. Wenye akili wanaanza kwa kumshika mdhamini au kugawana gari na mwenzao.

*Joto na vumbi.* Hapa ndo pekee ambapo unaijengea gari hali halisi ya vumbi badala ya kuiombea: mlango wa hewa unainuliwa juu, filta mbili, kila maungio yanazibwa, na filta inabadilishwa kati ya hatua moja ya rali na nyingine. Lakini muda wa maisha ya injini unahesabiwa kwa masaa na matukio, kufungua na kukagua ni ratiba.

*Mafuta.* Mafuta ya mbio yanawezekana kama kanuni za darasa lako zinaruhusu, unayaagiza, unayatunza kwenye pipa lililofungwa. Vingine vyote vinafanana na njia ya pili, makosa tu ndo yana bei kubwa zaidi.

*Kila siku.* Sahau. Na hapa naomba nisikike: keji bila helmeti ni hatari. Kichwa chako kwenye ajali ndogo tu ya Kisasa kinaenda kugonga bomba la chuma, hata likiwa na sponji. Mtu anayeweka keji ili gari ipendeze barabarani anajitafutia jeraha ambalo gari stoki isingempa. Viti vya mbio na mikanda ya pointi 6 navyo bila kifaa cha shingo vinamshika mwili na kuachia kichwa kirushwe. Bima ya kawaida nayo isome vizuri, nyingi zinatamka wazi kwamba ajali ya mashindano hazilipi, na gari iliyobadilishwa bila wao kujulishwa ni mlango wa kukukatalia.

*Siku ya kukimbia.* Ndo nyumbani kwake. Vifaa vya usalama viwe vya viwango vya FIA na viwe ndani ya muda, kwa mfano kiti cha kiwango cha 8855-1999 kina miaka 5 tangu kitengenezwe, cha mtumba chenye stika iliyofutika wakaguzi wanakirudisha. Leseni ya kushindana na kanuni za madarasa zipo kwa AAT, zisome kabla ya kununua hata bolti, kuna watu wamejenga gari nzuri isiyoingia darasa lolote. Na dereva mwenza mzuri atakupunguzia sekunde nyingi kuliko hizo farasi 50 unazozitafuta.

*Fundi na spea.* Unahitaji mtu wako, sio gereji. Mtu anayelala pale mnapolala, anayejua kila nati ameikaza yeye. Spea unabeba nusu gari nyingine.

*Inamfaa* anayetaka kushindana, ambaye raha yake ni sekunde kwenye karatasi ya matokeo. Anayetaka sifa za mtaani njia hii itamtafuna.

Sasa wewe uko wapi

Kama gari ni moja, una safari za Dar au Singida kila mwezi na fundi wako ni yule wa mtaani anayekujulia, kaa stoki, hela uliyotenga kwa nguvu iingize kwenye tairi, breki na kulanti. Utaendesha gari ya kasi zaidi kuliko jirani mwenye steji ya pili aliyepaki anasubiri klachi.

Kama kompresheni imetoka nzuri, kitambaa kimetoka cheupe, una usafiri mwingine wa kwendea kazini na una mtyunaji anayekuuliza maswali kabla ya kukutajia bei, nenda njia ya pili na ishia steji wani mwaka mzima wa kwanza. Kiangazi kikipita salama ndo muongee daunipaipu.

Kama umeshaenda kutazama rali mara kadhaa na kila mara unarudi ukiwa huna usingizi, jitolee kwanza kwenye timu ya mtu, beba matairi, hesabu wanachotumia wikiendi moja. Ukiona bado unataka, tafuta gari ya mashindano iliyokwisha kujengwa na inayouzwa, karibu kila mara inatoka nafuu kuliko kujenga kutoka mwanzo, na hiyo yako nzuri ya mtaani usiikate.

Kama umeshafunga vitu nusunusu na gari haijulikani ni nini, rudisha intakula, valvu na busti ya kiwandani, iendeshe hivyo mpaka itulie, kisha chagua upya.

Na kama ndo kwanza unatafuta gari mtandaoni, kwa njia yoyote kati ya hizi tatu tafuta ambayo haijaguswa, manyuo, kama ni Impreza basi STI ya gia 6 ukiweza kuifikia. Omba picha ya boneti ikiwa wazi na ya chini ya gari, tazama kama boksi la ea klina ya kiwandani bado lipo. Lisipokuwepo, muulize muuzaji tyuni alifanya nani na faili liko wapi, na akikosa jibu toa kwenye bei gharama ya kufungua injini nzima.